Mradi ukiisha, mshahara analipa nani?

Barazani kwetu Likoni, Mombasa, hii mada ya wafadhili haikosi. Kuna wale wa "misaada yote ni ujanja, watupa kwa mkono huu wachukua kwa ule", na kuna wale wa "bila hao watu hata chanjo za watoto hatungekuwa nazo", kila mmoja ana mifano yake na kila mmoja apandisha sauti mpaka kahawa yapoa. Mimi nimefanya kazi na vikundi vya maji, vya wavuvi na vya afya hapa Pwani miaka mingi, na miaka mingine mshahara wangu ulitoka kwa miradi ya hao hao wafadhili, na naona pande zote mbili zaliruka swali lenyewe. Swali langu ni moja na nimelibeba kila kikao: mradi ukiisha, mshahara wa yule anayeifanya hii kazi atalipa nani? Ukipata jibu la hilo, utajua mapema ni mradi gani utaishi na ni upi utabaki kibao cha rangi kando ya barabara.

Kwanza tuwekane sawa hawa ni kina nani, manake watu huwachanganya. Kuna mashirika ya nchi moja moja: JICA ni ya Wajapani, GIZ ya Wajerumani, AFD ya Wafaransa, Sida ya Uswidi, Waingereza walikuwa na DFID tangu 1997 mpaka 2020 ikamezwa na wizara yao ya mambo ya nje, Wamarekani walikuwa na USAID. Halafu kuna ya nchi nyingi pamoja, Benki ya Dunia iliyozaliwa kwa mkutano wa Bretton Woods 1944, UNICEF na UNDP za Umoja wa Mataifa, Benki ya Maendeleo ya Afrika ya tangu 1964. Chini yao kuna NGO chungu nzima ambazo ndizo mara nyingi hupewa zile pesa zikafanye kazi mtaani, na ndizo sisi twaziona na magari yao. Pesa yenyewe pia si ya aina moja. Kuna ya bure, hairudi. Kuna mkopo wa riba ndogo wa miaka thelathini ama arobaini, huo twaulipa na watoto wetu wataulipa. Na kuna ambayo si pesa, ni mtu, mtaalamu aletwa akae na wa hapa ama wa hapa apelekwa kusoma kisha arudi. Mtu akikwambia "msaada" muulize ni upi kati ya hiyo, manake mkopo wa bandari na chandarua cha mbu ni vitu viwili tofauti kabisa na barazani watu huvitia kapu moja.

Sasa twende Kwale, jirani zetu tu hapa, manake pale pana somo ambalo ningependa kila mtu wa Pwani alijue na wengi hawalijui.

Mwanzo wa miaka ya themanini watu wa Kwale walikuwa wachota maji visima vya wazi na madimbwi, na kipindupindu na magonjwa ya tumbo yalikuwa jambo la kawaida. Pampu za mkono zilikuwako duniani, lakini nyingi zilikuwa nzito, ikiharibika moja lazima lije lori la wizara na wanaume wa kunyanyua mabomba, na lori lenyewe laweza kukaa miezi halijaja. UNDP na Benki ya Dunia walikuwa na mradi mkubwa wa kutafuta pampu ambayo kijiji chenyewe chaweza kuitengeneza, na Kwale ikawa moja ya sehemu za kujaribia, pesa nyingine zikitoka Uswidi, na shirika la hapa hapa Kenya la KWAHO likawa ndilo lapanga vijiji, lakaa na kina mama, lasaidia kuunda kamati. Katika majaribio hayo, ya hapa na ya Malawi, ndipo ikatokea pampu iitwayo Afridev. Leo hiyo pampu iko nchi nyingi za Afrika na imefika mpaka Pakistan na Afghanistan. Yaani kitu ambacho mamilioni ya watu wakitumia kuchota maji, kina mama wa Kwale ni katika waliokuwa wakikifungua na kukifunga na kusema hapa pazito, hapa pasumbua, mpaka kikakaa sawa. Sijui kwa nini hili halifundishwi shule zetu.

Nimewahi kukaa nikamtazama bibi mmoja wa huko akiitengeneza. Spana moja tu. Akalegeza kifuniko cha juu, akautoa mkono wa pampu, akaanza kuvuta vile vyuma virefu kutoka ndani, na vile vyuma havikufungwa kwa nati, vimeshikana kwa kulabu, chuma cha kwanza kikitoka wakipinda kidogo chaachana na cha pili, msichana mmoja apokea alaza juu ya kanga iliyotandikwa ili kisishike mchanga. Mpaka pistoni ikatoka. Pale kwa pistoni pana mpira wa duara, akaufuta kwa ncha ya leso, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwa ukingo wake, akasema "huu umeliwa". Akaubandua, akatia mpya kutoka kwa mkebe wa maziwa ya unga, akarudisha vyuma vyote kimoja kimoja, na watoto waliokuwa wamepanga mitungi hata hawakuwa wamechoka kungoja. Mpira wenyewe ni wa bei ndogo. Lakini bila ule mpira, na bila yule bibi kujua uko wapi, ile pampu yote ni chuma cha kufungia mbuzi.

Huko ndiko kujenga uwezo ninakokuelewa mimi. Walifikiria chombo, wakafikiria mkono utakaokitengeneza, wakauliza kina mama.

Lakini sikiza pia kilichofuata, manake hapa ndipo watu wengi husimamisha hadithi mapema. Mradi ule ulipomalizika miaka ya tisini, kamati zikabaki peke yake. Mweka hazina akiolewa mbali au akifariki, na ile pesa ya mfuko ikipungua, na spea ukizitaka ni mpaka usafiri, basi pampu yaharibika leo yaja kutengenezwa mwezi ujao au haitengenezwi kabisa, na watu warudi kisima cha wazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walipokuja kuzipitia miaka zaidi ya ishirini baadaye walikuta nyingi bado zatoa maji, jambo ambalo kwa kweli ni la kusifiwa, miradi mingapi waijua wewe iliyoishi hivyo? Lakini walikuta pia kwamba kinachoua pampu mara nyingi si chuma, ni pesa ya matengenezo na mtu wa kuitwa. Kutoka hapo ikaanzishwa FundiFix, ni kampuni, kijiji chalipa ada kila mwezi, na mafundi wake ni vijana wanaolipwa mshahara, wakiitwa waja kwa siku chache na spea tayari. Ile kazi ambayo bibi yetu aliifanya kwa kujitolea miaka nenda miaka rudi hatimaye ikapata mshahara. Na ada peke yake haitoshi, wanaongezewa na mfuko ambao wafadhili na wengine huchangia, na mimi sioni aibu yoyote hapo, maji ya mjini nayo yajengwa kwa pesa ya serikali na mikopo, kwa nini mtu wa kijijini ndiye aambiwe ajitegemee kwa kila shilingi?

Sasa kuna "kujenga uwezo" kwa aina nyingine na hii naisema kwa uchungu manake nimeiona sana. Hoteli ya pwani, ukumbi wenye AC, projekta, mabango ya mradi pande mbili za meza. Asubuhi karatasi ya kuhudhuria yapitishwa, jina, nambari ya simu, nambari ya kitambulisho, sahihi. Mkufunzi aja na mafunzo yaliyoandikwa mahali pengine kwa watu wengine, asema "ushirikishwaji" mara nyingi kabla ya chai na hakuna aliyeulizwa swali. Saa saba lanchi, saa tisa karatasi ya nauli na alawansi, sahihi tena, watu waenda nyumbani. Wale walioko ndani ni wale wale walioitwa mwezi uliopita na shirika jingine, manake ndio wanaojulikana na chifu ama na ofisi, na yule mama anayeshika spana kijijini hakuitwa kwa sababu hana simu ya kupokea barua pepe. Halafu kwa ripoti yaandikwa watu kadhaa wamejengewa uwezo. Siwalaumu wanaochukua nauli, mtu ameacha biashara yake kutwa na ana watoto. Lawama yangu ni kwa anayepanga hivyo akijua, na anayekubali ripoti kama ile huko juu, kwa sababu kuhesabu sahihi ni rahisi kuliko kurudi baada ya mwaka kuuliza nani bado anaifanya ile kazi.

Na si mradi mdogo mdogo tu unaokosea. Wazee wetu wakumbuka mwisho wa miaka ya themanini, Benki ya Dunia na IMF walipoishinikiza serikali ipunguze matumizi, na 1989 ikaja ada ya hospitali za serikali, watu wakaanza kukaa nyumbani na maradhi kwa kukosa pesa ya kadi. Shule nayo mpaka 2003 ndipo ada za msingi zikaondolewa. Hizo taasisi zenyewe baadaye zilibadilisha msimamo, lakini kuna watu walioumia kati hapo, na kwa hivyo mzee akikwambia haamini wafadhili usimcheke, ana sababu yake.

Niende kwa jambo linalonikaa rohoni zaidi tangu 2025. USAID iliundwa 1961 wakati wa Kennedy. Mwaka 2003 wakati wa George W. Bush ukaja mpango wa PEPFAR wa ukimwi, na mtu yeyote aliyekuwa mkubwa miaka ile Mombasa ajua ilivyokuwa kabla, mazishi kila wiki, watu wakifichwa vyumba vya nyuma. Dawa zilipofika watu waliokuwa wameandikiwa kufa wakarudi kazini, bandarini, sokoni Kongowea, madarasani. Mimi nina watu wangu wa karibu walio hai kwa sababu hiyo na sitakaa nisikize mtu akisema misaada yote ni bure. Hapana. Ule ulikuwa msaada uliookoa roho za watu, na Mmarekani aliyelipa kodi huko kwao ambaye hajawahi kuisikia Mombasa alifanya jambo jema ambalo sisi tumekula matunda yake.

Lakini ulijengwa vipi? Hapa ndipo swali langu laingia. Kliniki za CCC, zile za wagonjwa wa ukimwi, nyingi zilikuwa na wafanyikazi wa mradi, si wa serikali. Muuguzi wa mradi, mshauri wa mradi, wa data wa mradi, kina mama wale waelekezi wanaoishi na virusi wenyewe na kuwashika mkono wajawazito wapya, nao walipwa na mradi. Kenya nzima walikuwa makumi ya maelfu ya wafanyikazi wa afya wakilipwa kwa pesa hiyo. Januari 2025 ikatoka amri Washington kusimamisha misaada siku 90. Machi wakatangaza kufuta asilimia 83 ya miradi ya USAID. Tarehe 1 Julai 2025 shirika lenyewe likafungwa. Miaka sitini na nne, basi.

Kwa kliniki moja ya hapa mjini namjua dada aliyekuwa kazi yake ni simu. Kila asubuhi akifungua daftari, nani alikuwa aje jana hakuja, ampigia. Si kumkaripia, amuuliza "mama hujambo, mtoto je, nauli ndiyo imekosekana? basi njoo Alhamisi nitakupanga wa kwanza usikawie". Alikuwa awajua watu kwa sauti. Alijua nani mumewe hajui na kwa hivyo usimpigie usiku, nani ukimpigia useme wewe ni fundi cherehani. Hii kazi haimo kwenye kitabu chochote cha udaktari lakini ndiyo iliyokuwa yawaweka watu kwenye dawa. Alipoambiwa asije tena, dawa kabatini zilikuwako. Simu ndiyo haikupigwa. Na daftari liko pale, lakini lile alilolijua yeye halikuandikwa daftarini, na aliyepewa zamu ya kuendelea ni muuguzi wa kaunti ambaye tayari ana foleni ya wagonjwa wa kawaida mpaka nje ya mlango.

Nani wa kulaumiwa hapo? Waliokata ghafla bila kungoja, ndiyo, kwa kweli kukata msaada wa dawa kwa namna ile ni ukatili na sitafuti neno jingine. Lakini pia serikali yetu ilikuwa na zaidi ya miaka ishirini ya kumwajiri yule dada. Kila bajeti ilipita bila yeye kuwemo kwa sababu "mfadhili yupo". Na mfadhili naye miaka yote hiyo aliona raha kuendesha mambo yake sambamba, mfumo wake wa data, gari lake, mshahara wake wa juu kuliko wa serikali ukimvuta muuguzi bora wa kaunti aje kwake. Mwaka 2005 huko Paris nchi tajiri na maskini zilitia sahihi azimio kwamba misaada ipite kwenye mifumo ya nchi yenyewe, na Kenya tulikuwemo. Lilikuwa azimio zuri sana, na lilifuatwa kidogo sana.

Watu wafikiri basi haiwezekani, kwamba serikali yetu haiwezi kabisa kuchukua kitu kikaendelea. Yawezekana, na mfano uko hapa hapa. Mwaka 2004 UNICEF walisaidia serikali kujaribu kuwapa pesa taslimu jamaa wanaolea mayatima, nyumba kama 500 tu, Nairobi, Garissa na Kwale. Pesa mkononi, si unga, si semina. Wakati huo watu wengi serikalini na hata kwa wafadhili walisema maskini ukimpa pesa atakunywa. Zikaja tathmini zikaonyesha nyumba zile zala vizuri zaidi. Waingereza na Benki ya Dunia wakaingia na pesa zaidi, na polepole Hazina ya Kenya ikawa yaweka yake mpaka ikawa ndiyo yenye fungu kubwa, na leo ndiyo sehemu ya Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, na zaidi ya nyumba milioni moja nchini, pamoja na wazee na wenye ulemavu. Kuna matatizo tele, pesa zachelewa, wazee wapanga foleni warudi mikono mitupu, na 2,000 kwa bei ya unga ya sasa si kitu kikubwa. Lakini yule nyanya wa Matuga kule Kwale hapokei hisani ya mfadhili tena. Apokea haki iliyo kwa bajeti ya nchi yake, na ikichelewa ana mtu wa kumpigia kelele, mbunge wake. Hii tofauti ni kubwa mno.

Hata wahudumu wa afya wa kijamii vilevile. Miaka na miaka walikuwa wajitolea, leo mradi huu wampa fulana, kesho ule wampa nauli. Septemba 2023 serikali ikawazindua zaidi ya laki moja wakiwa na vifaa na posho ya 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu nusu ya kaunti. Ni kidogo na haifiki kwa wakati kila mahali, wenyewe wanalalamika na wana haki. Ila imo kwa bajeti, na hilo ndilo tulilokuwa twalitafuta.

Bandari ni hadithi nyingine na sitaikalia sana. Kituo cha pili cha makontena pale Port Reitz kilijengwa kwa mkopo wa JICA, awamu ya kwanza ikafunguliwa 2016 na uwezo wa makontena 550,000 kwa mwaka, kontrakta mkuu akiwa Mjapani, Toyo Construction, kwa sababu mkopo wa aina ile una sharti hilo. Watu hulalamika kwamba pesa yarudi kwao na ni kweli sehemu kubwa yarudi. Lakini bandari yazalisha, KPA, mamlaka ya bandari, yatoza ada, mishahara ya pale hailipwi na Japan, na makontena yaliyokuwa kama milioni 1.1 mwaka 2016 yamepita milioni 2 mwaka 2024. Kwa swali langu, bandari yafaulu. Barabara ya Dongo Kundu na madaraja yake ya Mwache na Mteza pia ni mkopo wa Japan, na sisi wa upande wa kusini tuliokua na foleni ya feri twajua thamani yake. Ninachokitaka sasa ni kule Dongo Kundu kwenye eneo maalum la viwanda, kabla ya kiwanda kufunguliwa vijana wa Likoni na Mtongwe wawe tayari wamesomea kuchomelea, umeme, kreni, lojistiki, si tuje kuambiwa "hakuna wa hapa mwenye ujuzi" halafu tubaki wa kufagia na kulinda geti.

Na mji huu washajua kufanya hivyo. TUM, chuo kikuu cha ufundi kile cha Tudor, ilianza kama taasisi ya ufundi ya Kiislamu, MIOME, mwisho wa miaka ya arobaini. Pesa zilitoka kwa Sultani wa Zanzibar, kwa Aga Khan, kwa Mabohora, na kwa mfuko wa maendeleo wa makoloni wa Waingereza. Msaada wa nje upo hapo, na wa watu wenyewe upo, na vilivyojengwa ni karakana na walimu. 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, 2013 ikawa chuo kikuu kamili. Mafundi wangapi wa meli, wa umeme, wa maji wametoka pale, ukoo gani hapa Mombasa hauna mmoja? Walioweka zile pesa wote wamekufa, Usultani wenyewe haupo, ukoloni haupo, na wanafunzi waingia kila Septemba.

Gazi nao, kwa wale wanaosema vijijini hakuwezekani. Mikoko Pamoja ilianza 2013, hekta 117 za mikoko zalindwa na vijiji vya Gazi na Makongeni, na kaboni inayohifadhiwa, kama tani 3,000 kwa mwaka, yauzwa nje, yaani watu wa huko walipa ili mikoko ifidie moshi wao, pesa yarudi kijijini na wanakijiji wenyewe wakaa waamua, mwaka huu maji, mwaka ujao vitabu vya shule. Mwaka 2017 UNDP waliwapa tuzo ya Equator. Wafadhili wa nje walisaidia sana mwanzoni, lakini nyuma yake walikuwako wanasayansi wetu wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na samaki, waliokuwa washapima mikoko ile miaka mingi kabla, wajua mti gani hukua wapi na kwa kasi gani. Bila wao hakuna kaboni ya kuuzwa. Hapo shirika la nje lilikuta uwezo tayari likauongezea soko, na naona ndiyo namna bora ya kusaidia, kukuta watu wanafanya kitu na kuuliza wamekwama wapi.

Kwa upande wa maji ya mji wetu, hapo nina wasiwasi. Mombasa bado twategemea bomba la Mzima la miaka ya hamsini, kilomita 220, na Baricho, na Marere na visima vya Tiwi, hazitoshi, ndiyo maana mikokoteni ya mitungi haiishi mitaani. Bwawa la Mwache lilipangwa na Benki ya Dunia tangu kitambo lilete mita za ujazo 186,000 kwa siku, na miaka imekatika, fidia za wenye mashamba zilivutana, ratiba zikasogea. Likikamilika nitashangilia kama mtu yeyote. Lakini bwawa lataka mabomba ya mtaani yasiyovuja, lataka watu wa mita, wa maabara, wa pampu usiku, na hao walipwe na shirika la maji ambalo kwa miaka limekuwa na madeni. Hiyo hesabu sijaiona ikiwekwa mbele ya wananchi kwa lugha wanayoielewa.

Kwa sheria makadirio ya bajeti ya kaunti lazima yafike bunge la kaunti si baada ya tarehe 30 Aprili, na kabla ya hapo wananchi waitwe watoe maoni, kwa wadi. Vikao hivyo huwa viti vitupu, waja watu wachache na wazee wa mtaa. Mimi nitakwenda cha Likoni na maswali mawili nimeshayaandika: wale waliokuwa wakiwafuatilia wagonjwa kwa kliniki za CCC wamo kwa mishahara ya mwaka ujao au hawamo, na ikiwa hawamo, zile simu apiga nani. La pili ni mafundi wa maji ya mtaani, watakuwa wangapi na pesa yao itatoka wapi Mwache ikifunguliwa. Mwenye kutaka kwenda nami aniambie tuondoke pamoja, na mwenye wadi nyingine achukue maswali haya haya ayapeleke kwake.